Nitarajie asilimia ngapi kutoka kwa fleti ya kupangisha nikiwa ng'ambo?

Swali: Mimi ni muuguzi hapa Doha, kwetu ni Kilifi. Kwa miaka 9 nimeweka akiba ya shilingi milioni 6.9. Kuna kampuni inauza fleti za vyumba viwili vya kulala upande wa Nyali kwa milioni 8. Wananiahidi asilimia 16 kwa mwaka: 10 ni kodi ya uhakika kwa miaka miwili ya mwanzo, na 6 ni kupanda kwa thamani ya nyumba. Salio nitalipa polepole. Sitaki kusumbuka na wapangaji, kila kitu kitasimamiwa na ajenti. Mjomba anasema ninunue tu kwa kuwa nyumba haiozi. Mwenzangu wa zamu anasema asilimia 16 ni uongo. Lengo la haki ni lipi?

Jibu:

Dada yangu, pole na kazi, na hongera kwa akiba hiyo. Najua maana ya miaka 9 ya zamu za usiku, kwa hivyo nitakujibu kwa hesabu kamili.

Kwanza tuiweke kando ile 16. Lengo la faida halianzi kwa muuzaji wala kwa mjomba. Linaanzia kwa yule anayekulipa bila wewe kuinua kidole, yaani serikali kupitia hatifungani. Ukikopesha serikali ya Kenya kwa hatifungani ya miundombinu, riba inaingia benki mara mbili kwa mwaka na haikatwi ushuru. Hupigiwi simu na mpangaji, hakuna bomba la kupasuka. Februari 2024 hatifungani ya namna hiyo ya miaka 8.5 ilitoka kwa asilimia 18.46. Tangu hapo viwango vimeshuka sana, kwa sababu Benki Kuu ilianza Agosti 2024 kuteremsha riba yake ya msingi iliyokuwa 13. Kwa hesabu zetu hapa nitatumia 12. Wewe ukikaa kuandika lengo lako, chukua kiwango cha mnada wa karibuni ambao serikali imeuzia hatifungani hizo.

Hiyo 12 ndiyo kizingiti chako. Yeyote anayekuuzia nyumba sharti akueleze kwa nini uiache. Kuna sababu za kweli za kuiacha, nami nitazifikia, ila sababu zenyewe zitajwe na zipimwe, zisibebwe na methali.

Sasa tuiangalie fleti yenyewe. Umesema bei ni milioni 8. Katika mtaa kama huo ningeuliza kwanza fleti ya ukubwa uleule kwenye jengo jirani, lililokwisha kukaliwa miaka mitatu minne, inauzwa kiasi gani na mwenye nayo. Tuseme inauzwa milioni 6.5 na inapangishwa 38,000 kwa mwezi. Dalali atakuambia 38,000 mara 12 ni 456,000, na 456,000 kwa milioni 6.5 ni asilimia 7. Hesabu yake ni sahihi, lakini imeishia mlangoni.

Tuingie ndani. Ushuru wa stempu mjini ni asilimia 4, yaani 260,000. Wakili na gharama zake, weka 110,000. Rangi, kufuli na mapazia, 30,000. Fedha iliyotoka mfukoni mwako ni milioni 6.9, sio 6.5, na hiyo 6.9 ndiyo utakayogawia kila kitu kuanzia sasa.

Upande wa mapato, usihesabu miezi 12. Mpangaji akihama Desemba, nyumba itapakwa rangi Januari na mpangaji mpya ataingia Februari. Mimi huhesabu miezi 11 hata kwa nyumba nzuri. Hiyo ni 418,000. Ajenti akichukua asilimia 8, zimeondoka 33,440. Ada ya huduma ya jengo, yaani mlinzi, lifti, taa za ngazi na takataka, tuseme 4,000 kwa mwezi, na mara nyingi kodi inayotangazwa huwa tayari imeijumuisha, kwa hivyo mlipaji ni wewe: 48,000. Malipo ya kaunti na ya ardhi, 6,000. Ushuru wa kodi ya nyumba unaolipwa KRA, mamlaka ya mapato ya Kenya, ni asilimia 7.5 ya kodi yote uliyopokea, tangu Januari 2024 uliposhushwa kutoka 10: hiyo ni 31,350.

Matengenezo nimeyaacha mwisho kwa makusudi, maana hapa ndipo watu wa bara na watu walio ng'ambo hukosea kuhusu pwani. Chumvi hula nyumba. Hula chuma cha dirisha, bawaba za mlango, mfereji, na kama jengo linatumia maji ya kisima yaliyokolea chumvi, hita ya maji ya moto haidumu. Mwaka juzi nilipitia taarifa za ajenti za fleti moja ya mteja wangu karibu na bahari. Machi: fundi bomba 3,200. Mei: kubadilisha mfereji wa jikoni na vali, 4,500. Agosti: hita mpya na ufundi, 14,000. Oktoba: kuchomelea grili ya dirisha la nyuma, 5,500. Hakuna hata moja kati ya hizo iliyokuwa ajali. Ni mwaka wa kawaida tu, na jumla yake ni 27,200. Kwa hiyo 25,000 kwa mwaka ninayokuwekea hapa ni kiasi cha chini kabisa.

Jumlisha makato yote: 143,790. Umebaki na 274,210. Gawanya kwa milioni 6.9 na unapata asilimia 4, pungufu kidogo.

Kutoka 7 hadi 4, na hatujapatwa na balaa lolote. Tena nimekuhesabu kama mkaazi wa Kenya kwa ajili ya ushuru. KRA ikikuhesabu kuwa si mkaazi, kiwango cha 7.5 hakikuhusu, kodi yako yote hukatwa asilimia 30 kabla ya gharama yoyote. Hapo 31,350 inageuka 125,400, na faida yako inashuka hadi kama 2.6. Kwa kawaida Mkenya mwenye makao ya kudumu nyumbani, akifika nchini hata kwa siku chache katika mwaka husika, huhesabiwa mkaazi kwa mwaka huo. Lakini usiliache jambo hili kwa dhana. Mweleze mhasibu hali yako kabla hujatia sahihi popote, na uweke nakala za tiketi na mihuri ya pasipoti.

Turudi kwa ahadi ya kampuni. Asilimia 10 ya milioni 8 ni 800,000 kwa mwaka, na kwa miaka miwili ni milioni 1.6. Utakuwa umelipa milioni 8 kwa kitu ambacho jirani anakiuza 6.5, ziada ya milioni 1.5. Miaka hiyo miwili mpangaji halisi yupo ndani ya fleti yako na kodi yake, kama 418,000 kwa mwaka, inaingia kwa kampuni. Kwa hiyo wanakurudishia ile milioni 1.5 yako mwenyewe kwa awamu, na juu yake wanakuongezea 100,000, huku wao wakipokea zaidi ya 800,000 kutoka kwa mpangaji. Mwaka wa tatu uhakika unakwisha na unabaki na nyumba ya 6.5 uliyoinunua 8. Sisemi kila dhamana ya kodi ni ya namna hii. Nasema ipime hivi kila mara: toa bei ya soko kwenye bei unayotozwa, kisha linganisha tofauti hiyo na dhamana yote. Zikikaribiana, dhamana umeilipia mwenyewe.

Nusu ya pili ya ahadi ni kupanda kwa thamani. Hapa ndipo malengo ya watu wengi hupotea, kwa kuwa hakuna risiti ya kuonyesha mtu amekosea mpaka miaka 10 ipite. Chukulia ung'ang'anie upate jumla ya asilimia 14 kwa fleti ya milioni 6.5. Kodi inakupa 4, basi bei lazima ipande 10 kila mwaka kwa miaka 10. Milioni 6.5 ikipanda hivyo inakuwa karibu milioni 16.9. Sasa jiulize mnunuzi wa siku hiyo ni nani. Kodi nayo ikipanda asilimia 4 kwa mwaka, 38,000 itakuwa kama 56,000. Mnunuzi huyo atatoa milioni 16.9 apate kodi ya 675,000 kwa mwaka, asilimia 4 kabla hajalipa ajenti, fundi wala KRA. Wewe mwenyewe ungekubali biashara hiyo? Kama hungekubali, usilijenge lengo lako juu ya mtu atakayekubali. Bei ya nyumba ya kupangisha haiwezi kuikimbia kodi yake muda mrefu bila kusimama kuisubiri.

Kadirio ninaloweza kulitetea mbele ya mtu yeyote ni bei kupanda asilimia 5. Hicho ndicho kiwango cha kati ambacho Benki Kuu hulenga kwa mfumuko wa bei, yaani nyumba inashikilia thamani yake halisi, basi. Baada ya miaka 10 fleti ya 6.5 ni milioni 10.6 hivi. Toa asilimia 3 ya dalali. Toa ushuru wa faida ya mtaji, ambao tangu Januari 2023 ni asilimia 15 badala ya 5 ya zamani. Ukiunganisha na kodi ya miaka yote 10, jumla ya faida yako ni kama asilimia 7.6 kwa mwaka. Ondoa mfumuko wa bei, umebaki na mbili na nusu.

Kwa hiyo mwenzako wa zamu yuko karibu na ukweli kuliko mjomba. Hata hivyo mjomba naye ana hoja, na ningependa kumtendea haki. Riba ya hatifungani ya leo haikungojei. Hati za hazina za siku 91, yaani mikopo ya muda mfupi kwa serikali, zilikuwa zikilipa karibu asilimia 16 katikati ya 2024; mwaka mmoja baadaye zilikuwa karibu 8. Mtu aliyeweka lengo la maisha kwa kutazama mnada mmoja alibaki mikono mitupu. Tena shilingi milioni moja uliyoikopesha serikali hurudi shilingi milioni moja, ilhali Oktoba 2022 mfumuko wa bei ulifika 9.6. Kodi ya nyumba hupanda pamoja na bei ya unga, japo kwa kuchelewa. Na nyumba unaweza kuja kuikalia. Mambo haya yana thamani. Mimi huyapa pointi mbili: niko tayari kupokea 10 kutoka kwa nyumba pale hatifungani inapolipa 12. Siko tayari kupokea 7.6.

Kuna jambo moja hukuliuliza, nalo linakuhusu kuliko linavyonihusu mimi niliyeko Mombasa. Mshahara wako ni riyali, na riyali ya Qatar imefungwa kwa dola kwa 3.64. Januari 2022 dola ilikuwa kama shilingi 113. Mwanzoni mwa 2024 ilifika 160, kisha ikarudi ikatulia karibu 129. Aliyeleta dola 61,000 mwaka 2022 akanunua nyumba ya milioni 6.9, alihitaji nyumba ipande asilimia 14 ili arudi tu alipoanzia kwa dola. Aliyeleta dola wakati wa 160 hadithi yake ni kinyume: alinunua kwa dola 43,000 hivi. Kwa hiyo amua kwanza fedha hizi utazitumia wapi. Kama ni kustaafu Kilifi, hesabu kwa shilingi na ulale usingizi. Kama ni karo ya mtoto nje ya nchi, basi lengo la shilingi peke yake halikutoshi.

Wengine watakuambia kama hutaki usumbufu nunua hisa za mfuko wa majengo, zile wanazoziita REIT. Kwa jina ndiyo njia safi kabisa ya kukaa kando: sheria ya Kenya inautaka mfuko wa majengo ya kupangisha ugawe angalau asilimia 80 ya mapato yake halisi. Lakini soma historia ya mfuko mmoja wa aina hiyo, Fahari. Uliingia soko la hisa la Nairobi mwaka 2015 kwa shilingi 20 kwa hisa. Ulilenga kukusanya bilioni 12.5, ukapata bilioni 3.6. Jengo lake kubwa lilikuwa Greenspan Mall kule Donholm. Gawio lilikuwa kati ya senti 50 na 75 kwa mwaka, ambayo kwa aliyenunua 20 ni asilimia 2.5 hadi 3.75. Bei sokoni ilishuka hadi chini ya shilingi 7, wakati thamani ya majengo kwenye vitabu ilikuwa juu zaidi ya hapo. Mwaka 2023 wawekezaji wadogo waliahidiwa shilingi 11 ili watoke, na Februari 2024 mfuko ukaondolewa kwenye soko kuu. Majengo hayakuungua wala hayakuibwa. Kilichowaumiza watu ni bei ya kutokea. Nasikitika kila nikilikumbuka, kwa sababu walikuwamo watu kama wewe, waliotaka tu kipande cha jengo bila kero. Tangu hapo, katika kila lengo ninaloandika, mstari wa kwanza ni huu: nikitaka kutoka, nani atanunua, na baada ya muda gani?

Kutokusumbuka kwenyewe kuna bei. Zile nyumba za vyumba vya kukodi Kisauni au Likoni hutoa kodi kubwa kuliko fleti ya Nyali ukilinganisha na gharama yake. Ile ziada ni mshahara wa yule anayezunguka tarehe 5 kukusanya, anayesuluhisha ugomvi wa maji, anayejua nani amepoteza kazi. Wewe kazi hiyo umemwachia mtu mwingine, na umefanya vyema, maana huwezi kuifanya ukiwa Doha. Lakini ukiisha kumwachia, usitarajie mshahara wake uje kwako. Mtu akikuahidi faida ya mtu wa jasho pamoja na starehe ya mtu wa kivulini, kuna gharama hajaitaja. Na kama angekuambia ukope benki ujazie, linganisha tu: faida halisi ya kodi ni 4, riba ya mkopo wa nyumba ni mara kadhaa ya hiyo. Kila mwezi ungekuwa unatoa Doha kumlipia mpangaji.

Basi lengo lako. Ningeandika hivi kwenye karatasi: kwa miaka 10, baada ya ushuru na gharama zote, jumla ya asilimia 10 kwa mwaka kwa shilingi, na ndani yake kodi halisi isipungue 5 ya fedha yote iliyotoka mfukoni. Mbili hizi zitazame pamoja. Nyumba ikifikisha 10 kwa kutegemea kupanda kwa bei peke yake, imeanguka mtihani.

Ukishalipata lengo, lipindue likupe bei. Fleti ile inaacha 274,210; kwa asilimia 5 inastahili gharama yote ya milioni 5.5 hivi, yaani bei ya mkataba ya karibu 5.2. Mwenye kuuza kwa haraka anaweza kukubali. Wa milioni 8 hatakubali, na huna haja ya kugombana naye.

Njia nyingine, ambayo ndiyo ningeifuata kwa milioni 6.9 yako, ni kutoziweka zote kwenye tofali. Fleti ya chumba kimoja cha kulala, gharama yote milioni 3.5, kodi 27,000. Kwa miezi 11 ni 297,000. Ukiondoa ajenti, ada ya huduma ya 3,000 kwa mwezi, matengenezo ya 18,000, kaunti na KRA, unabaki na kama 192,000, karibu asilimia 5.5. Fleti ndogo kwa kawaida hukodi vizuri kuliko kubwa kwa kila shilingi uliyoiweka. Milioni 3.4 iliyobaki iweke kwenye hatifungani ya miundombinu kupitia DhowCSD, huduma ya mtandaoni ya Benki Kuu ya kununulia hatifungani, ambayo unaweza kuitumia kwa simu ukiwa hukohuko. Kwa 12 inakupa 408,000. Jumla ni 600,000 kwa mwaka, zaidi ya mara mbili ya ile fleti kubwa, na ukiongeza kupanda kwa thamani ya nyumba ndogo unaifikia 10 bila kumtegemea mnunuzi wa ajabu. Hatifungani nayo ina lake: ukilazimika kuiuza kabla ya muda wakati riba zimepanda, utaiuza kwa hasara. Weka huko fedha unazoweza kuziacha zikomae.

Kabla ya hatua yoyote, iandikie ile kampuni na uombe vitu vitatu: hati ya fleti yenyewe kwa mujibu wa Sheria ya Umiliki wa Sehemu ya 2020, hesabu za ada ya huduma za mwaka mzima, na taarifa ya ajenti ya miezi 12 ya fleti yoyote iliyokwisha kupangishwa kwenye jengo lao, ikiwa na majina yaliyofichwa. Wakikutumia hiyo ya tatu, niletee. Nitatoa makato mstari kwa mstari kama nilivyofanya hapa, na utaona mwenyewe kama milioni 8 inakaa.